Amefunga, mbona amenenepa?

Kuna maneno yanapita barazani baada ya tarawehe: fulani tangu Ramadhani ianze amenenepa, basi huyo anakula mchana kwa siri.

Hebu tulia kidogo. Kufunga peke yake hakukondeshi. Mwili unahesabu kilichoingia na kilichotumika, mchana kwa usiku. Moyo, ubongo na ini havifungi, vinatumia nguvu hata umelala. Lakini ukilala toka adhuhuri hadi alasiri, matumizi yanapungua. Ikifika magharibi, ndizi na maharage yetu ya Bukoba na Muleba hayana neno. Tatizo ni sambusa na kalimati zinazoelea kwenye mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120 hivi, zaidi ya ndizi mbivu nzima! (Na chai ya sukari vijiko vinne sijaitaja.)

Kwa hiyo mtu anaweza kufunga kwa ukweli siku zote 30 akanenepa, na mwingine akala mchana akakonda. Wewe umejuaje? Suratul-Hujurat, aya ya 12, imetukataza kudhaniana vibaya na kupelelezana.

Kama jana ulimsema mtu, leo kabla ya futari warudie wale wale uliowaambia, uwaambie hukuwa na ushahidi.