Nani Atangulie Mvua Ikinyesha?

Liko swali ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao, nami naliona kuwa letu sote. Swali lenyewe ni hili: njia ya mawasiliano inapopanuliwa, je, haki nayo hupanuka?

Sisi tunaoishi Masoko, jirani na ziwa lililojaa katika shimo la volkano ya kale, tumezungukwa na vilima. Simu ya mkononi huongea na mnara ulio karibu, lakini mnara nao sharti upate njia ya kuyafikisha maneno mjini na kwingineko. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza 2009, hupitisha mzigo mkubwa kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Hata hivyo, minara mingi ya vijijini nchini mwetu bado hutegemea maikrowevu, yaani mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka dishi moja hadi jingine. Madishi hayo lazima yaonane. Kilima, au hata miti iliyorefuka, huweza kuyatenga.

Watumiaji wakiongezeka, njia hiyo hupanuliwa kwa namna tatu. Ya kwanza ni kuongeza upana wa masafa. Lakini masafa ni mali ya umma, kama malisho ya kijiji: akiongezewa mmoja, mwingine hubanwa, na ndiyo sababu hugawiwa na mamlaka ya serikali. Ya pili ni kutuma mawimbi mawili kwa masafa yale yale, moja likitikisika wima na jingine mlalo. Ya tatu ni kuufanya kila mpigo wa wimbi ubebe mengi zaidi. Mtambo unaochagua alama moja kati ya 64 hubeba biti 6 kwa mpigo, yaani majibu sita ya ndiyo au hapana. Ukichagua kati ya alama 1,024, hubeba biti 10.

Mwalimu yeyote ataielewa hatari iliyomo humo. Andika ubaoni alama nne kubwa, na hata mtoto wa dawati la nyuma atazitofautisha. Andika alama elfu moja zinazokaribia kufanana, kisha ukungu wetu wa asubuhi uingie darasani, uone ni nani atakayesoma. Claude Shannon wa Marekani alionyesha 1948 kwamba kila njia ina kikomo chake, kitokanacho na upana wake na jinsi ujumbe unavyoishinda kelele. Kupaza sauti hakusaidii sana: ili kupata zile biti 4 za nyongeza, yahitajika nguvu mara 16 hivi.

Sasa mvua inyeshe, nasi wa Rungwe hatuhitaji kufundishwa mvua ni nini. Kwa safari ndefu mafundi hupendelea masafa ya chini, yasiyoumizwa sana na mvua, ingawa nayo husumbuliwa na tabaka za hewa. Masafa yaliyozidi gigahezi 10 hudhoofishwa na matone makubwa. Mitambo ya siku hizi hutambua udhaifu huo na kurudi kwenye alama chache. Hiyo ni busara. Afadhali kusema machache yakasikika. Lakini mzigo uliokwisha kuizoea njia pana hauwezi kuenea katika njia nyembamba. Mwingine utasubiri, na mwingine utatupwa. Upi?

Mtambo haufikiri. Hufuata orodha iliyopangwa siku ya jua na mtu aliyeketi mbali. Hapo ndipo fundi anapogeuka hakimu, pengine bila kujijua.

Enzi za simu ya posta, niliona mara nyingi foleni ikimpisha mtu aliyebeba habari ya msiba. Hakuna sheria iliyoandikwa ukutani. Tulimwona uso, tukasogea. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Sisi pale tulimpisha mwenye msiba. Foleni ya leo imo ndani ya mtambo. Hakuna anayemwona mwenzake, wala hakuna anayeweza kusogea.

Atanijibu mtu: ongezeni uwezo hadi utoshe wote, na swali litakufa. Sikubali. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota nchini kote, wala hizo hazikuwa njia nyembamba. Upana hauliui swali; hulisogeza hadi siku mbaya kuliko zote. Tena, kadiri njia inavyopanuka ndivyo tunavyoiamini zaidi. Zamani fedha za mgonjwa zilibebwa mkononi na ndugu aliyepanda basi. Leo hupita hewani, na njia ikisongwa, mgonjwa husubiri. Anayepanua njia huongeza deni lake kwa wanaoitegemea.

Simwombi fundi asome barua zetu ili ajue yupi ana msiba. Hilo lingekuwa ovu jingine. Lakini aina za mizigo anazijua: sauti, fedha, picha za mchezo wa mpira. Najua pia kwamba picha inaweza kuwa somo la mtoto, kwa hiyo mpango wowote utakosea mahali fulani. Basi angalau tuambiwe mpango wenyewe, kwa Kiswahili cha kueleweka, nasi tuujadili kama tujadilivyo zamu za maji ya bomba. Mtu huweza kuvumilia kuwa wa mwisho akijua sababu yake. Asichoweza kuvumilia ni kuwekwa mwisho na mtu asiyemjua, kwa hesabu asiyoonyeshwa, halafu akaambiwa ni mvua.