Je, Lengo la Serikali ni Ahadi?

Ukipita barabara ya Morogoro kutoka Maili Moja hadi Mlandizi, wilayani Kibaha, utaona nyumba nyingi zilizosimama bila paa. Watu huziita mapagale. Mwenye pagale mara nyingi amepanga chumba Dar es Salaam, na kila akipata fedha huongeza kozi mbili za tofali. Ukienda upande wa Kisarawe, kuelekea Maneromango na Mzenga, utakuta shida ya namna nyingine: nyumba ya fito na udongo, makuti yamechakaa, na mwenyewe ni bibi asiyeweza tena kuyasuka wala kumlipa wa kuyaezeka. Serikali inapotangaza kwamba nyumba kadhaa zitajengwa kupitia halmashauri, ni yupi kati ya hawa wawili aliyeahidiwa?

Naliuliza swali hili kama swali la imani. Bwana wetu alitaka ndiyo yetu iwe ndiyo kweli, na hakuwatoa nje ya agizo hilo wakuu wa wilaya, wala maaskofu. Lakini lengo na ahadi si kitu kimoja. Ahadi ina mtu wa kuidai. Lengo lina mtu wa kupelekewa taarifa, naye hukaa juu, si chini. Mkurugenzi wa halmashauri akijenga nyumba 90 kati ya 100, huandika asilimia 90 na kupongezwa. Kwa familia kumi zilizobaki, asilimia hiyo haizuii mvua.

Tunao mfano wetu wenyewe. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji haviwezi kufikishwa kwa watu waliotawanyika. Kwa hesabu ya makaratasi lengo lilifikiwa karibu lote; mamilioni walihamishwa. Lakini mahali pengi watu walishushwa kabla ya kisima na kabla ya paa, na kwingine nyumba za zamani zilichomwa ili wasirudi. Katika taarifa kaya imehamia. Usiku kaya imelala chini ya mwembe. Na hapa pana jambo ambalo hatulitaji vya kutosha. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudi 1984. Lengo kubwa kuliko yote la makazi lilitekelezwa wakati hakuna diwani wa kusimama na kusema: bado, watu wangu hawana maji. Mwaka 1976 huohuo nchi yetu iliridhia mkataba wa kimataifa unaotambua haki ya kila mtu kuwa na makazi ya kufaa.

Mwalimu alikuwa mtu wa sala na aliwapenda maskini. Ndiyo maana mfano huu ni mgumu. Kama angekuwa mkatili tungemlaumu yeye na kuendelea na safari.

Wapo ndugu wanaohitimisha kwamba kuhesabu ndiko kosa, na hutukumbusha Daudi alivyoadhibiwa kwa sensa yake. Sikubaliani nao. Bwana aliyesimulia juu ya mtu anayekaa kwanza kupiga gharama za mnara hakudharau hesabu. Na Nehemia alihesabu sana. Sura ya tatu ya kitabu chake huwachosha wasomaji kwa orodha, lakini tazama ni orodha ya nini: nani alijenga wapi, wengi wao mbele ya nyumba zao wenyewe. Watu wa Zanoa walijenga dhiraa elfu za ukuta usiokuwa wao. Wakuu wa Tekoa walikataa kuinama kazini, nalo likaandikwa. (Ningependa kuona taarifa ya halmashauri yenye ujasiri huo.) Hesabu ya Nehemia ina majina, kwa hiyo inaweza kudaiwa.

Hesabu isiyo na majina humpata mtu mwingine. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, limejenga katika wilaya mbalimbali nyumba zilizoitwa za gharama nafuu. Ukijumlisha barabara, maji, umeme na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 iliyolalamikiwa miaka mingi, bei iliwafaa wenye mshahara na mkopo wa benki. Sisemi shirika lilidanganya. Nyumba zilikuwepo na zinaonekana. Lakini Isaya aliona siku ambayo watu wanajenga nyumba na kukaa humo wenyewe, na fundi wa Kisarawe anayebeba zege kwa kutwa anajua siku hiyo bado.

Nasi kanisani tusijifiche nyuma ya makosa ya serikali. Tunajua idadi ya mabati ya jengo la ibada hadi la mwisho, na harambee hufanyika tena hadi yatimie. Ni sharika ngapi zinajua idadi ya wajane wao wanaovujiwa? Mara nyingi huruma yetu haina lengo, na kwa sababu haina lengo haishindwi kamwe. Serikali inayotangaza nyumba 100 na kujenga 60 walau imejiweka mahali pa kuulizwa.

Mahali pa kuuliza papo kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu, na mwanakijiji yeyote mtu mzima ana haki ya kusema. Mtendaji anaweza kutakiwa asome majina: nani amepata, nani hakupata, na kwa nini. Mzee wa kanisa naye ni mwanakijiji, anaweza kulitaka hilo. Mikutano ya namna hii nimeihudhuria mingi. Mapato na matumizi huja kwanza, kisha mgogoro wa mipaka ya mashamba, kisha mchango wa shule. Paa la yule bibi, kama lipo, liko kwenye Mengineyo, wakati wa kulijadili watu wameshaanza kukung'uta kanga zao na kuondoka.