Wimbo Siku ya Baridi

Neno: Mithali 25:20, 1 Samweli 16:23, Matendo 16:25

Mnajua vile Julai ya Limuru huwa. Ukungu unaingia mpaka jikoni, nguo zinakaa kwa kamba siku tatu bila kukauka, na jua tunalisikia tu kwa watu wa Mombasa. Mwili ukipoa hivyo, moyo nao unafuata.

Mwaka jana tulimzika mama yangu mwezi wa Mei. Julai ilipofika nilikuwa bado nahubiri kila Jumapili, lakini nyumbani sikuweza hata kuomba. Nikajiambia, "Mchungaji, weka sifa!" Nikafungulia kwa simu zile nyimbo za kuruka na kupiga makofi. Dakika tano, nikazima. Niliona kama zinanigombeza.

Sulemani anamfananisha mtu anayemwimbia mwenye moyo mzito na yule anayemvua mwenzake sweta kwenye baridi. Nilikuwa nimesoma Neno hilo miaka mingi. Siku hiyo ndiyo nililielewa. Na kanisani tunakosea hapo sana. Mtu analia, sisi tunamwambia, "Changamka, inua mikono!"

Kesho yake shosho mmoja wa kanisa letu alibisha hodi na chupa ya chai. "Mwanangu, chai kwanza." Akaketi karibu na jiko, hakuuliza kitu, hakuhubiri. Baadaye akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa polepole kutoka Tenzi za Rohoni, ule mama yangu alipenda. Ubeti wa kwanza nililia. Ubeti wa pili midomo yangu ikaanza kusogea. Wa tatu tuliimba pamoja, na hii sauti yangu mnayoijua. Ukungu haukuondoka. Lakini usiku huo niliomba.

Mwangalieni Daudi. Hakutuma wimbo kwa mjumbe. Alienda mwenyewe na kinubi mpaka alipokuwa Sauli, na Sauli akapata nafuu. Paulo na Sila nao waliimba usiku wa manane wakiwa na majeraha ya fimbo, miguu ikiwa imefungwa. Mlango wa gereza ulikuwa haujafunguka! Hawakungoja kufurahi ndio waimbe.

Wiki hii fanya hivi. Asubuhi, kabla hujashika simu, imba wimbo mmoja kwa mdomo wako mwenyewe. Kama moyo ni mzito, anza na wa polepole. Wa kuruka utakuja. Pili, mtembelee mtu mmoja aliyenyamaza siku hizi. Keti naye kwanza, wimbo baadaye. Tatu, kama uzito umekaa wiki nyingi, hulali, huli, usione aibu. Njoo tuongee, na umwone daktari pia. Kwenda kwa daktari si kukosa imani.

Mungu akupe wimbo kabla jua halijarudi. Sema Amina!