Mama aliyegeuka mlangoni

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani (1902–1987), alihudumia watoto wenye matatizo kwa miaka 12 mjini Rochester, New York. Kijana mmoja alikuwa mtukutu kupita kiasi, na Rogers aliamini kwamba chanzo ni mama yake kumkataa tangu utotoni. Alimweleza mama huyo kwa upole, tena na tena. Hakuelewa. Mwishowe wakakubaliana kuacha, wakapeana mikono.

Mama alipofika mlangoni akageuka na kuuliza kama pale huwa wanashauri pia watu wazima. Akarudi kitini, akamwaga ya moyoni: ndoa iliyomshinda, mume aliyefarakana naye, kuchanganyikiwa kwake. Safari hii Rogers hakufafanua lolote. Alisikiliza tu. Mazungumzo yao yakaendelea, mama akapata nafuu, na mwanawe pia.

Ndipo Rogers alipoanza kuona kwamba mwenye maumivu ndiye ajuaye yanapouma, na kwamba mshauri anatakiwa kuwa mkweli, kumkubali mtu bila masharti na kuzielewa hisia zake. Nami namheshimu zaidi kwa ujasiri wake wa mwaka 1942: alichapisha neno kwa neno ushauri mzima uliorekodiwa, ili kila mtu aone mshauri anafanya nini hasa.

Uzeeni aliupeleka usikivu huo kwenye uhasama wa kisiasa, akiwaketisha pamoja Wakatoliki na Waprotestanti wa Belfast, na baadaye Weusi na Weupe wa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi.