Majina Ishirini

Nilituma orodha saa tatu usiku. Niliipiga picha kwenye daftari, nikahakikisha mwandiko unasomeka, nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp la timu, kisha nikazima data. Majina ishirini ya wachezaji wa msimu mpya. Jina la kaka yangu halikuwamo.

Nasema kaka, ni mtoto wa baba mkubwa, lakini huku kwetu Ibadakuli hakuna anayehangaika na tofauti hiyo. Alikuwa kipa wetu tangu timu ilipoanza, na timu ilianza kwake. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuomba miti ya magoli. Uwanja wetu uko upande zinakopita nyaya za umeme mkubwa kuelekea kituo cha kupozea umeme, na udongo wake ni ule mweusi wa mbuga: mvua ikinyesha unanasa kiatu, jua likiwaka unapasuka mpaka sarafu inatumbukia na huioni tena. Kila mwaka mvua zikiisha alikuwa anakuja na jembe kuziba nyufa za eneo la penalti. Glovu zake za kwanza alizinunua kwa pesa ya choroko. Nyavu alishona kwa mkono.

Mimi nilikuwa katibu. Nilipewa ukatibu kwa sababu nimesoma chuo na sikuwa na kazi, mambo mawili ambayo siku hizi yanakwenda pamoja bila kushangaza mtu. Kazi ya katibu ni kuandika barua, kukusanya michango na kuandika orodha. Msimu ule michango ilitosha leseni ishirini. Tulikuwa na watu ishirini na sita mazoezini.

Kabla ya orodha kulikuwa na mpango. Mwalimu wetu, ambaye ni mwalimu kweli wa shule ya msingi, alikuwa ametoka kwenye kozi ya ukocha akiwa na kauntabuku iliyojaa mishale. Tutaanza mashambulizi nyuma. Mabeki watapanuka, kiungo mmoja atashuka, kipa atakuwa mchezaji wa kumi na moja kweli, si mlinzi wa mlango. Mazoezi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na moja jioni, mbio barabara ya uwanja wa ndege kila Jumamosi asubuhi. Tulimsikiliza kwa heshima. Nakumbuka nilifurahi, nikaona sasa tumekuwa timu.

Kaka alikuwa na miaka thelathini na sita. Mikono yake bado ilikuwa mizuri. Krosi alikuwa anaitoa hewani kama anachuma embe. Miguu ndiyo ilikuwa shida: ukimrudishia mpira anaubutua mpaka barabarani. Kijana aliyekuja msimu ule, wa miaka kumi na tisa, aliutuliza kwa mguu wa kushoto, akainua kichwa, akapiga pasi katikati ya watu wawili. Tulitazamana.

Nimefikiria sana jinsi tulivyomkata. Hatukusema “wewe si mzuri.” Tulisema mfumo haumruhusu. Maneno hayo yana utamu wa ajabu, kwa sababu mfumo hauna uso, na mtu hawezi kuukasirikia. Lakini nani aliuchagua mfumo? Mpaka mwaka 1992 kipa alikuwa na ruhusa ya kudaka mpira aliorudishiwa na beki wake kwa mguu. Mwaka huo sheria ikabadilishwa. Mwaka 2019 ikabadilishwa nyingine, goli kiki si lazima itoke nje ya eneo la penalti ndipo mwenzako auguse, na timu nyingi zikazidi kuanzia mpira langoni. Watu walikaa kikao mbali huko, wakaandika mistari michache, na kipa aliyekuwa hodari akaanza kuonekana ana upungufu. Yeye hakubadilika. Kilichobadilika ni maana ya kipa mzuri. Kisha mwalimu akauchukua mpango wa aina hiyo akauleta Ibadakuli, mimi nikaandika majina, na kila mmoja wetu angeweza kusema kwamba uamuzi ulifanywa na mwingine.

Chuoni tulifundishwa kwamba swali hili ni la zamani. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, anauliza filimbi bora apewe nani. Si tajiri, si mwenye ukoo mzuri, si mwenye sura nzuri. Apewe anayepuliza vizuri kuliko wote, kwa sababu filimbi ni ya kupulizwa. Nilipousoma mfano ule mara ya kwanza niliona umemaliza kila kitu. Usiku ule wa orodha niliutumia kujituliza: lango ni la kulindwa, apewe anayelilinda vizuri.

Nadhani sasa naona pale mfano unapopwaya. Filimbi ilikuwapo kabla ya wapulizaji kugombana. Kuna fundi aliyeichonga, akalipwa, akaenda zake, na hayumo kwenye foleni ya wanaoiomba. Timu ya mtaani haiko hivyo. Hakuna timu mahali fulani inayosubiri kugawiwa wanaostahili. Timu ni wale watu waliokuja saa kumi na moja jioni wakati hakuna jezi, hakuna leseni, na mpira wenyewe umeshonwa mara tatu. Tulikuwa tunamnyima filimbi mtu aliyeichonga, halafu tunamwambia asikasirike kwa kuwa haki inasema hivyo.

Lakini sitaki kujidanganya upande wa pili pia. Kama aliyechonga ndiye apulize daima, kijana wa miaka kumi na tisa atapata namba lini? Yeye naye hakukosea kuzaliwa wakati magoli yameshasimama. Timu inayopangwa kwa shukrani tu huishia kuwa kijiwe cha wazee wenye jezi. Tumeziona.

Mkoa wetu umewahi kulishuhudia swali hili kwa ukubwa. Stand United ilianzishwa mwaka 2012 na watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga mjini, wapiga debe na wenzao, ndiyo maana ikaitwa Chama la Wana. Msimu wa 2014/15 ilikuwa Ligi Kuu, Kambarage inajaa, Simba na Yanga zinakuja kucheza na timu ya wapiga debe. Mwaka 2015 ikaja pesa ya Acacia, waliokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi kule Kahama, na akaja kocha Mfaransa, Patrick Liewig, ambaye alikuwa amewahi kuifundisha Simba. Pesa ilipofika ndipo lilipozuka lile ambalo lilikuwa limelala: timu ni ya nani? Kukawa na upande wa wanachama na upande wa kampuni. Mwaka 2016 mdhamini akajitoa katikati ya mgogoro huo, na mwaka 2019 timu ikashuka daraja. Watu wengi hulisimulia kama hadithi ya uroho. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli. Mmoja aliuliza nani ataiendesha vizuri, mwingine akauliza nani aliizaa. Hayo si maswali yanayojibiana, na ukijibu moja kwa sauti kubwa hujalifuta la pili.

Mwalimu alipendekeza tumpe kaka ukocha wa makipa. Wazo si baya, lakini sote tulijua lilitoka wapi: lilizaliwa baada ya kumkata, si kabla. Mimi nilifikiria benchi, kama leseni ya ishirini na moja ingepatikana. Hapa mpira wa miguu ni mkatili kuliko michezo mingine. Kwenye raga, timu ya taifa inavaa wachezaji ishirini na tatu, na wale wanane wa akiba kwa kawaida wanaingia karibu wote, ni kazi iliyopangwa tangu mwanzo. Afrika Kusini walipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2023 kwa kuifunga New Zealand 12 kwa 11, benchi lao lilikuwa na wa mbele saba na wa nyuma mmoja, na watu waliliongelea kabla ya mechi kuliko kikosi cha kwanza. Kipa wa akiba hana bahati hiyo. Anasugua benchi akisubiri mwenzake aumie au atolewe kwa kadi nyekundu. Kumpa mtu wa miaka thelathini na sita, aliyechimba mashimo ya miti ya goli, nafasi ya kuombea mabaya mtoto wa watu, sijui kama ni heshima.

Turudi kwenye grupu. Asubuhi nilipowasha data nilikuta watu wamejibu kwa makofi na moto. Kaka alikuwa ameweka dole gumba. Hakuandika neno. Jumatatu saa kumi na nusu alikuwa uwanjani kabla yetu, amefunga nyavu kama siku zote. Alipomaliza alipangusa mikono kwenye suruali, akatusalimia, akawasha bodaboda akaondoka. Hakuna aliyemwita.

Bernard Williams, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1976 juu ya dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lake lolote. Watu watamfariji, na wako sahihi. Lakini dereva akisema mara moja “mimi sina kosa” akaendelea na safari, tutamwona ana kasoro. Kuna kitu alipaswa kukibeba hata kama hakosei. Mimi nilikuwa nyuma ya dereva huyo, maana yeye hakuchagua. Mimi nilishika kalamu, nikachagua, naamini nilichagua sawa, halafu nikaendelea na safari kwa wiki tatu nzima.

Wiki tatu, na nyumba yake ni dakika kumi kwa mguu. Kila siku nilikuwa na sababu. Nilipokwenda nilimkuta anabadilisha cheni ya pikipiki. Shemeji akaniletea michembe na chai, nikakaa kwenye ndoo.

“Kaka, nimekuja kuhusu ile orodha.”

“Orodha gani? Mechi mbili mmeshashinda.”

“Ulikosewa.”

“Sikukosewa. Dogo ana miguu.” Akavuta cheni. “Mimi nimejiuliza kitu kimoja tu, nilikosa nini?”

“Hukukosa kitu, kaka.”

“Sasa hilo ndilo gumu, mdogo wangu. Ningekuwa nimekosa ningeomba msamaha yakaisha.”

Nilimuuliza, labda kwa ujinga, kama angekuwa yeye katibu angeandika jina la nani. Alisema la dogo, bila kufikiri. Kisha akauliza kama usiku ule data ilikuwa imeniishia, maana alinipigia WhatsApp mara mbili asinipate. Nilisema nilizima. Akatikisa kichwa akarudi kwenye cheni, na kwa muda mrefu tulisikia kuku tu.

Hatukumaliza mgogoro kwa kukumbatiana, Msukuma gani anakumbatiana. Ukocha wa makipa aliukataa. Nyavu anaendelea kuzifunga, na siku za mechi husimama nyuma ya goli akimpigia kelele yule kijana asogee hatua mbili mbele. Kijana husogea.

Sasa ni usajili tena. Mwalimu ana mishale mipya, michango safari hii imefika leseni ishirini na mbili, na watu watatu hawatakuwamo. Mmoja anakaa ng’ambo ya uwanja wa ndege, ana mtoto mchanga, na mwaka jana alichangia kuliko mimi. Orodha iko kwenye daftari, haijapigwa picha. Nimemwomba kaka anizungushe leo jioni kwa bodaboda yake kwa wote watatu. Amekubali, ila mafuta juu yangu.