"Huyo mtoto alizikwa?"



Wiki iliyopita baada ya sala ya jumuiya hapa Moshono, tulibaki vijana watano tunapiga stori. Nikatoa simu nikawaonyesha video ya yule "kiumbe" wa jangwa la Atacama, Chile. Urefu wake ni kama sentimita 15 tu, kichwa kimechongoka, na mbavu ni jozi 10 badala ya 12. Mjadala ukawaka. Mmoja akasema ni jini. Mwingine akasema ametoka sayari nyingine, "si walipima DNA wakakuta si ya mtu?" Mimi ndiye niliyechochea kuliko wote. Nilikuwa nimeshaiweka status na maneno ya kuchekesha.

Mama mmoja wa jumuiya alikuwa anakusanya viti. Akachungulia simu, akatazama kimya, kisha akauliza: "Mwanangu, huyo mtoto alizikwa?"

Tukanyamaza. Akasema mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minne. "Alikuwa mdogo hivyo hivyo." Akaendelea kukusanya viti vyake.

Usiku sikulala vizuri. Nikatafuta ukweli. Mabaki yale yalipatikana mwaka 2003 karibu na kanisa lililoachwa, katika mji mtupu wa La Noria, yakiwa yamefungwa kwa kitambaa cheupe. Yakauzwa, yakaishia kwa mtu binafsi Hispania. Ni kweli, mwanzoni kama asilimia 8 ya DNA haikulingana na ya binadamu. Lakini ilikuwa imeharibika tu. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba ni binadamu, msichana, mwenye asili ya Chile. Wataalamu wengine wakasema hata umbo lake si la ajabu: ni mtoto aliyefikia kama wiki 15 tumboni. Nayo Chile ikaanza kuchunguza kama kaburi lilifukuliwa kinyume cha sheria.

Jamani, kitambaa cheupe, karibu na kanisa. Kuna mtu alimlilia. Sisi tukamfanya kichekesho.

Kijana mwenzangu, kujiuliza kama kuna viumbe wengine huko angani si dhambi. Mwaka 2008 Padre José Gabriel Funes, Mjesuiti aliyeongoza kituo cha Vatikani cha kuchunguza anga, alisema wazo hilo halipingani na imani yetu. Shida inaanza pale tunapomwona mtu asiyefanana na sisi, na swali la kwanza linakuwa: "Huyu ni mtu kweli?"

Na tusiwacheke wa mbali. Hapa hapa Tanzania ndugu zetu wenye ualbino waliitwa mizimu. Ikasemwa hawafi, wanatoweka tu. Tofauti yao ni badiliko dogo kwenye vinasaba, mwili hautengenezi rangi ya kutosha. Basi! Lakini kwa uongo ule watu waliuawa, viungo vyao vikauzwa, na familia nyingine zikalazimika kumwaga zege juu ya makaburi ili wapendwa wao wasifukuliwe. Unaona utani wa "si mtu" unapoweza kufika?

Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba tumeumbwa kwa mfano wa Mungu. Hakikuweka sharti la urefu, rangi wala idadi ya mbavu. Zaburi ya 139 inamwonyesha Mungu akitufuma tumboni, akituona kabla hatujakamilika. Yule binti wa Atacama, Mungu alimwona. Mtoto wa yule mama, Mungu alimwona. Ndiyo maana Kanisa limeweka kuzika wafu kati ya matendo ya huruma, na Tobiti alihatarisha maisha yake kwa kazi hiyo.

Nilifuta ile status. Jumapili baada ya Misa nikamfuata yule mama, nikamwomba radhi. Akanishika mkono akasema, "Mwombee tu, mwanangu. Hakuwahi kupewa jina."

Wiki hii, kabla hujasambaza picha ya mwili wa mtu, jiulize swali lake. Kisha sali Salamu Maria moja kwa watoto waliofariki kabla ya kuzaliwa, na moja kwa mama zao.

Ee Bwana, utupe macho ya kumwona mtu pale wengine wanapoona kioja. Raha ya milele uwape watoto hao. Amina.

Tafakari njema.