Deni la Aliyesomeshwa

Mwezi uliopita alitujia ofisini mzee mmoja, baba wa watoto sita. Akaketi, akaweka kofia yake magotini, akatuuliza swali ambalo tangu siku ile halijatutoka moyoni. Binti yake wa kwanza ni mwalimu wa sekondari. Alisomeshwa kwa ng'ombe wawili na shamba la kahawa, kisha kwa mkopo ambao bado anaulipa. Na sasa yeye ndiye anayewalipia wadogo zake wawili, mmoja katika chuo cha uuguzi, mwingine katika seminari ndogo. Binti huyo amemwomba baba yake ruhusa aache kazi kwa miaka miwili, akasomee digrii ya pili, yaani uzamili, katika fasihi ya Kiingereza.

"Padre," alisema mzee, "mtoto huyu amefundishwa Kiingereza tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu. Je, hajakijua bado?"

Tulicheka, naye akacheka. Lakini alipokwisha kucheka aliongeza neno jingine, tena kwa sauti ya chini: "Nataka kujua kama anatenda dhambi, au kama mimi ndiye nitakayetenda dhambi nikimkataza."

Tukianza na swali lake la kwanza, yafaa kueleza kwamba mtu asomaye uzamili wa fasihi hafundishwi tena kusema Kiingereza. Hicho huhesabiwa kwamba anacho tayari. Yeye huchukua vitabu, tena si vingi kama watu wadhanivyo, akavisoma polepole, akarudia, akauliza kwa nini mwandishi ameliweka neno hili na si lile, nani anasema na nani amenyamazishwa, na watu wa zamani walilielewaje neno ambalo leo lina maana nyingine. Mwishowe huandika tasnifu ndefu, naye hana budi kuitetea mbele ya watu waliomtangulia katika kazi hiyo. Nchini Uingereza masomo haya kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Penginepo ni miwili.

Wala mzee wetu si wa kwanza kushangaa. Chuo Kikuu cha Oxford kilikuwa kimekwisha kupita miaka mia saba kabla ya kukubali, mwaka 1894, kwamba fasihi ya Kiingereza inastahili kuwa na masomo yake yenyewe ya digrii. Cambridge ilingoja hadi 1917. Kabla ya hapo wasomi walidurusu Kilatini na Kiyunani, na wengi waliona ni upuzi kumfundisha Mwingereza kusoma vitabu vya lugha aliyonyonya kwa mama yake. Mwaka 1887 Edward Freeman, profesa wa historia pale Oxford, alipinga jambo hilo hadharani, akihofu kwamba yangekuwa porojo tu juu ya maisha ya washairi. Ama kweli, dunia huzunguka! Huko huko Uingereza leo baadhi ya vyuo vinalifunga somo hilo kwa kukosa wanafunzi. Mwishoni mwa mwaka 2024 chuo kikuu kimoja cha mji wa Canterbury, mji alikozaliwa Christopher Marlowe na uliompa Geoffrey Chaucer mwisho wa safari ya mahujaji wake, kilitangaza kwamba hakitapokea tena wanafunzi wapya wa digrii ya fasihi ya Kiingereza. Wenye lugha yao wanahesabu faida na hasara, kama mzee wetu.

Sasa twende kwenye swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito.

Wapo watakaomtetea binti huyu kwa kusema kwamba digrii ya pili itamwongezea mshahara. Huenda, lakini hatuwezi kumwahidi mzee jambo hilo, wala mtu mwingine yeyote mwenye kusema kweli hawezi. Ikiwa shabaha ni mshahara, ziko njia fupi zaidi kuliko kukaa miaka miwili na Shakespeare. Wengine watamtetea kwa kusema kwamba fasihi humfanya mtu kuwa mwema, mpole na mwenye huruma. Hili nalo tungependa liwe kweli, maana sisi wenyewe tu wapenzi wa vitabu. Lakini tunamkumbuka Joseph Goebbels. Alizaliwa katika nyumba ya Kikatoliki, chama cha Kikatoliki kikamkopesha fedha za masomo, na mwaka 1921 akapata udaktari wa fasihi ya Kijerumani katika Chuo Kikuu cha Heidelberg. Aliyajua maneno vizuri kupita wengi. Akayatumia kumpigia Hitler tarumbeta, na kuwatayarisha watu wa taifa lake kuwachukia Wayahudi hata kuwaua. Basi asitokee mtu akatuambia kwamba mwenye kusoma mashairi hana moyo wa jiwe.

Tukiisha kuziondoa hoja hizo mbili, kinabaki nini? Kinabaki kitu kidogo, lakini ni imara. Kardinali John Henry Newman, ambaye Kanisa limemtangaza Mtakatifu mwaka 2019 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 2025, alitoa mihadhara huko Dublin mwaka 1852 juu ya maana ya chuo kikuu. Alishika kwamba kujua ni jambo jema lenyewe kwa lenyewe, kama vile afya ilivyo njema hata kabla mtu hajauliza ataitumia kulima au kutembea. Lakini Newman huyo huyo, na hapa ndipo tunapomwamini zaidi, hakukubali kusema kwamba elimu humtakasa mtu. Akili ni kitu kimoja na utakatifu ni kingine. Kwa hiyo binti akisema, "Nataka kusoma kwa sababu nataka kuelewa," amekwisha kutoa sababu ya kutosha kwa upande wa elimu. Halazimiki kuivika sababu hiyo joho la faida asiyokuwa na hakika nayo. (Sisi wenyewe tulipokuwa seminari kuu tukisoma falsafa, mjomba wetu alituuliza kama falsafa huponya malaria. Hatukuwa na jibu, wala leo hatuna.)

Yupo mwingine ambaye habari zake zafaa hapa, maana alikwenda Uingereza kwa masomo haya hasa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alitoka Makerere akaenda Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1964 kusomea uzamili. Mwaka 1967 alirudi bila digrii hiyo. Kwa daftari ya mhasibu, miaka ile ilikuwa hasara tupu. Lakini huko ndiko alikoandika riwaya yake ya tatu, ndiko alikodurusu waandishi wa visiwa vya Karibi, na ndiko macho yake yalikofunguka kuona kwamba Kiingereza kina vitabu vingi visivyoandikwa na Waingereza. Mwaka uliofuata, 1968, akiwa mwalimu Nairobi, yeye na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika hati fupi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake iwekwe idara itakayoanza na fasihi na lugha za Afrika. Si kila alichokisema baadaye tunakikubali. Juu ya Kanisa alisema makali. Lakini tazama: aliyekisoma Kiingereza kwa kina ndiye aliyeweza kukiambia, "Kaa mahali pako." Asiyekisoma hukiogopa au hukiabudu.

Na hili latugusa, maana watoto wetu wa sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu ambaye mwenyewe anakiogopa atawafundisha kuogopa. Wengi wetu tumepita katika madarasa ambamo riwaya haikusomwa. Ulisomwa ufupisho wake ubaoni, tukaukariri, tukafaulu mtihani, tukasahau.

Basi, je, binti aende? Hatusemi kwamba kwa kuwa jambo ni jema, mtu ana ruhusa kulifanya leo, na kwa gharama ya yeyote. Mtoto aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa nyumbani ana deni, na deni hilo si ushamba wala mila iliyopitwa na wakati. Ni haki. Yule mdogo wake wa uuguzi amebakiza mwaka mmoja. Kumwacha katikati ili dada yake akasome vitabu, hata vitabu vizuri namna gani, kungekuwa kununua elimu kwa machozi ya mwingine. Hapo tulisimama upande wa mzee bila kusitasita.

Lakini tulimwuliza nasi swali. "Mzee, kama angekuwa mwanao wa kiume, tena anakwenda kusomea sheria au udaktari wa hospitali, ungefunga safari kuja kwetu?"

Alinyamaza, akaigeuza kofia yake. Kisha akajibu kama mtu mwaminifu: "Nisingekuja, Padre. Ningeuza shamba."

Tunamshukuru kwa jibu hilo, na tungetaka kila baba asomaye ukurasa huu ajipe jibu lake mwenyewe. Wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kwamba deni la mtoto halina mwisho, wala kwamba binti ni shamba la kuvunwa kila msimu pasipo kupumzishwa. Anayelipa ana haki ya kujua ni lini atakuwa amemaliza. Ushauri wetu ulikuwa huu: angoje mwaka mmoja, muuguzi amalize, kisha zamu ya kumlipia mseminari imwangukie muuguzi, na dada aende zake na baraka ya baba. Mwaka huo mmoja wa kungoja utamwuma. Utamwuma pia muuguzi, atakayeupokea mshahara wake wa kwanza ukiwa umekwisha kugawanywa. Hatukuona njia isiyomgharimu mtu.

Mzee alipoinuka aliomba apewe mfano wa hivyo vitabu, "ili nijue nampeleka wapi." Tulitafuta rafuni, tukampa Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Nyerere akiwa Rais, ukachapishwa mwaka 1969. Tulimwonyesha jambo moja tu, lililo juu ya jalada. Kwa Kiingereza jina la mchezo humtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu aliandika "mabepari", wengi. Tena neno lenyewe zamani lilimaanisha mchuuzi mkubwa tu, lakini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa neno chungu, na Mwalimu alilijua vema kuliko sote. Nani basi ni mabepari wale? Ni Shylock mkopeshaji peke yake, au pamoja na Antonio mwungwana anayemtemea mate? Kwa herufi mbili za mwanzo wa neno, mtafsiri amebadili swali la kitabu kizima. Tulimwambia mzee kwamba kazi ya binti yake huko aendako itakuwa ya namna hiyo.

Baada ya majuma matatu alirudi, naye hakuja na habari za binti. Alikuja na malalamiko juu ya hukumu. Mkopaji, alisema, alitia sahihi mwenyewe, akiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi. Mkataba ulikuwa wa kikatili, naam, na haukupaswa kuandikwa. Lakini baraza lililotaka kumwokoa mdaiwa lingeishia hapo. Kwa nini walimnyang'anya Mwebrania mali yake, na juu ya mali wakamlazimisha kubatizwa? "Padre, ubatizo wa namna hiyo ni ubatizo?"

Tulizungumza hata kengele ya mchana ikalia. Kitabu hakukirudisha, alisema kwanza binti yake akisome, maana wamekwisha kubishana kwa simu mara mbili juu ya Antonio, na binti amemwambia kwamba amemsoma vibaya. Juu ya mwaka wa kungoja, binti amekubali, ingawa si kwa furaha. Muuguzi bado hajajibu.